Picha ya Jamaa na Nchi Yao

Katika nyumba nyingi za pwani ya kusini, tangu Likoni hata Vanga, msiba ndio unaowakumbusha watu habari ya picha. Mzee akiisha kuzikwa, na wageni wakiisha kutawanyika, watoto hutafuta sura yake wapate kuitundika ukutani. Mara nyingi hawapati ila ile iliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho: kichwa na mabega, macho yamekazwa, na nyuma yake hapana kitu. Mtu aliyepanda minazi shamba zima, akajenga nyumba, akalea watoto na wajukuu, amebaki na picha isiyo na mnazi, wala mlango, wala mtoto. Wajukuu watakaozaliwa baadaye wataijua pua yake, lakini hawatajua alikuwa mtu wa wapi.

Jambo hili lina asili yake. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaandikisha wanaume Waafrika wa Kenya kwa kipande, karibu na mwaka 1920, ilitaka alama za vidole, haikutaka sura. Aliyetaka picha alivuka kivuko cha Likoni akaenda Mombasa mjini kwa wenye kazi hiyo, kama N. V. Parekh, ambaye chumba chake cha picha kilijulikana sana katika miaka ya 1950 na 1960. Huko watu walivaa nguo zao bora, wakapangwa mbele ya taa, wakatoka na picha nzuri ambazo zimepata kutazamwa hata katika nchi za ng'ambo. Baadaye wapiga picha wengine waliweka vibanda vyao karibu na kivuko chenyewe, wakatundika mapazia yaliyochorwa meli, eropleni, majumba marefu na miti ya pwani. Ndipo mtu wa Diani alipoondoka penye minazi ya kweli, akalipa nauli, akaenda kusimama mbele ya minazi ya rangi.

Haifai kuzidharau picha hizo. Zinaonyesha mtu alivyopenda kuonekana, na hiyo nayo ni habari ya kweli. Lakini hazionyeshi alivyoishi. Siku hizi, simu ya mkononi ikiwa na kamera ndani yake, hapana tena sababu ya kuiacha nchi nje ya picha. Mpiga picha bora wa jamaa, awe fundi wa kulipwa au kijana wa nyumbani, ni yule anayewakuta watu mahali pao, katika mwanga wa Mungu, wakifanya jambo walilolizoea.

Tena nchi yenyewe haingoji. Katika vijiji vya Maumba na Nguluku, juu ya Ukunda, jamaa nyingi zilihamishwa ili mchanga wenye madini ya titani upate kuchimbwa. Uchimbaji ulianza mwaka 2013 ukakoma mwishoni mwa 2024. Miembe iliyokuwa kivuli cha mabaraza haipo tena mahali pake, wala njia za miguu zilizokwenda kisimani. Mwenye picha ya mama yake amekaa chini ya mwembe ule ana kitu ambacho fidia haiwezi kukirudisha. Na penginepo ufuo huliwa na bahari, shamba hugawanywa viwanja, mnazi mkongwe huanguka kwa upepo wa kusi. Mahali hufa kama watu wafavyo, ila mahali hapafanyiwi matanga.

Basi atakaye kupiga picha nje yampasa kwanza kulijua jua. Pwani ya Diani yatazama mashariki. Asubuhi jua hutoka baharini. Aliyesimama akiipa bahari mgongo huwa na mwanga nyuma yake, na uso wake huwa giza. Wakati huo yafaa watu waelekee bahari, na nyuma yao yaonekane minazi na nyumba. Jioni mambo hugeuka: jua huwa upande wa bara, na bahari yaweza kuwa nyuma ya watu bila kuharibu nyuso zao. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri jua husimama juu ya vichwa, macho yakaingia kivulini, watu wakakunja uso kama waliokasirika. Asiyekuwa na saa nyingine awapeleke chini ya mkorosho au ukingoni mwa baraza, ambapo mchanga ulio nje huwarudishia mwanga mwororo usoni.

Mchanga huo mweupe una hila yake. Kamera ikiuona mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na mtu mweusi aliyesimama juu yake hutokea kama kivuli chenye meno. Wengi wamelaumu rangi yao kwa kosa la chombo. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji wa picha kadi za mfano zenye sura ya mwanamke mweupe, na rangi za filamu zikapimwa kwa ngozi yake. Kosa hilo lilirekebishwa baadaye, lakini funzo limebaki: chombo hakimjui mtu mpaka kifundishwe. Mwenye simu aguse uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, ili mwanga upimwe kwa uso na si kwa mchanga wala kwa kanzu.

Baada ya jua, maji. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za bamvua na maji mafu, lakini wageni wengi huja Diani jioni wakitafuta mchanga mpana, wakakuta bahari imefika kwenye mizizi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na alasiri na hukupwa sana katikati ya asubuhi. Hapo mwamba huonekana, na watoto huweza kupigwa picha wakiinamia vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo. Picha ya mtoto aliyesahau kwamba anatazamwa ni bora kuliko kumi za mtoto aliyeambiwa acheke.

Kila mahali pana picha yake. Pale mto Mwachema unapoingia baharini upo msikiti wa kale wa Kongo, katikati ya mibuyu, na kivuli chake ni kizuri hata mchana, ila msikiti ni mahali pa ibada, na wenyewe waulizwe kwanza. Gazi ina mikoko yake. Huko wanakijiji huitunza miti hiyo kwa shughuli iitwayo Mikoko Pamoja, iliyoanza 2013, na mapato ya hewa safi huwafaa katika maji na shule. Jamaa ya Gazi ikipigwa picha kati ya mikoko imepigwa mbele ya mali yake. Msambweni ina magenge ya mawe juu ya mchanga, na ngalawa zinazorudi na samaki. Baba akishusha dema, mama akisuka makuti, bibi amekalia mbuzi akikuna nazi: hizo ndizo picha ambazo vitukuu watazitazama kwa muda mrefu.

Mwenye kupanda kwenda Kwale huona nchi nyingine kabisa. Vilima vya Shimba hupita mita 400 juu ya bahari, na juu yake zimo nyanda za majani, misitu na ukungu wa asubuhi ambao hauonekani Ukunda. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968, na ndiko palahala wanakopatikana katika Kenya. Wamo na ndovu, kwa hiyo jamaa inayokwenda huko kwa picha hufuata maagizo ya askari wa wanyama na kusimama panaporuhusiwa tu. Ukungu hulainisha mwanga, majani hayarudishi mng'ao kama mchanga, na nguo za rangi kali huwaka vizuri. Leso nyekundu ambayo pwani hushindana na jua, huku juu huonekana kama taa. Na kutoka ukingo wa vilima bahari huonekana mbali, mstari mwembamba wa buluu. Mzee akisimama hapo na mjukuu, akimwonyesha kwa kidole upande wa kijiji chao, picha hiyo imekusanya nchi yote ya jamaa mahali pamoja.

Adabu nayo ina sehemu yake. Kaya Kinondo ni mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, na mgeni huingia amefungwa kaniki nyeusi na kuongozwa. Hapo kamera hungoja ruhusa ya mzee, na akikataa, imekwisha. Nyumbani pia mama asiyetaka sura yake isambae asilazimishwe. Aulizwe kama ataridhia picha iwe ya nyumba tu, isipelekwe katika simu za watu. Wengi hukataa picha kwa kuogopa itakakokwenda, wala hawaichukii picha yenyewe. Tena katika kupanga watu, ukoo uheshimiwe. Kwa Wadigo tangu zamani urithi ulipita upande wa mama, na mjomba ana cheo chake. Akiachwa pembeni kama mpita njia, picha imesema uongo hata ikiwa mwanga ni mzuri.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Wageni waliopita pwani zaidi ya miaka 100 iliyopita walipiga picha nyingi wakaziuza kama kadi za posta. Chini ya sura waliandika kabila tu, au neno kama "mwanamke wa Kiswahili", wala jina halikuandikwa. Wale walikuwa mama za watu, na leo hapana mjukuu awezaye kuwadai. Inasikitisha kuona jamaa za siku hizi zikijitendea vivyo hivyo kwa mikono yao. Picha elfu zimo ndani ya simu moja, hazina majina, na simu ikianguka majini kivukoni zote zimezama pamoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kila mwaka jamaa ichague picha chache, tano zatosha, izitoe kwenye karatasi katika duka la picha, na nyuma yake yaandikwe kwa kalamu majina ya wote tangu kushoto hata kulia, mahali, mwezi na mwaka. Ziwekwe katika mkebe unaofungwa vizuri, mbali na chumvi, unyevu na mchwa, na nakala nyingine ikae kwa ndugu aliye mbali. Kazi ya kuandika majina apewe mtoto anayesoma, akae na bibi, amwulize kila mtu ni nani. Bibi atajibu, kisha ataendelea kusimulia bila kuulizwa. Na kabla hawajaondoka hapo barazani, mtoto huyo ampige picha bibi mwenyewe, maana katika nyumba nyingi yeye ndiye ambaye bado hana.