ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 9: Upepo mwingi si umeme wa uhakika

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Usiku ule umeme ulikatika saa saba, jenereta ikawaka kama kawaida. Wodini nilikuwa na mtoto wa miezi minne, nimonia kali, yuko kwenye mashine ya oksijeni. Vifaa vya kuzalishia vilikuwa vimeisha, nikaona nisipoteze muda, nikawasha mashine ya kutakasia. Ile mashine inakula umeme balaa! Taa zikafifia, jenereta ikaunguruma kama mtu anayepanda mlima na gunia, mashine ya oksijeni ikaanza kupiga kelele. Kile kifaa cha kidoleni kikasoma 84. Nikakimbilia mtungi, mikono inatetemeka. Mtoto akarudi 95. Mama yake alikuwa ananiangalia tu, hakusema neno.

Asubuhi fundi akaniambia, "Sista, mafuta yalikuwepo. Wewe uliitwisha jenereta mzigo ghafla, kabla haijajipanga."

Akanieleza kwamba umeme una mapigo, mizunguko 50 kwa sekunde. Mzigo ukizidi kinachozalishwa, mapigo yanashuka. Kinachozalishwa kikizidi mzigo, yanapanda. Yakitoka sana nje ya kiwango, mitambo inajizima yenyewe ili isiharibike. Gridi ya taifa ina mitambo mingi mizito inayozunguka pamoja, ukiwasha pasi haishtuki. Gridi ndogo inashtuka.

Ndiyo maana nikisikia watu wanasema, "Huku kwetu upepo ni wa bure, tufunge mapanga tumalize shida," huwa naongeza neno. Upepo hauna zamu. Sasa hivi unavuma, baada ya dakika mbili umetulia, na mtoto bado anahitaji hewa.

Lakini inawezekana. Nimesoma habari za El Hierro, kisiwa kidogo cha Hispania kule Atlantiki, chenye watu kama elfu kumi na moja. Tangu 2014 wana mitambo 5 ya upepo, jumla megawati 11.5. Wangefunga hiyo tu wangelia. Walichofanya ni kujenga mabwawa mawili, moja juu kwenye shimo la volkano ya zamani, lingine chini karibu na bahari, tofauti ya urefu zaidi ya mita 600. Upepo ukizidi, pampu zinapandisha maji juu. Upepo ukipungua, maji yanaachiwa yashuke na kuzungusha mitambo. Upepo ukizidi hata uwezo wa pampu, mapanga yanageuzwa pembe ili yasishike upepo wote. Jenereta za dizeli bado zipo za akiba. Mwaka 2019 kisiwa kilikaa takribani siku 25 mfululizo bila kuzihitaji.

Hapo kwenye kugeuza mapanga ndipo watu wanaposhangaa. Umeme wa bure, unaukataaje? Mimi sishangai. Mtoto njiti ukimpa oksijeni kupita kiasi, macho yake yanaweza kuharibika. Kwa hiyo tunaangalia kifaa, tunaongeza kidogo, tunapunguza kidogo, usiku kucha. Oksijeni ni dawa, na dawa ina dozi. Upepo nao kwenye gridi ndogo ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba pale kupunguza na kuongeza kunafanywa na mitambo yenyewe ndani ya sekunde, kwa sababu hakuna binadamu mwenye mkono wa haraka namna hiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu, siku mkiletewa mradi wa upepo kijijini au kwenye zahanati yenu, msiulize tu mapanga ni mangapi. Ulizeni mawili. Upepo ukitulia ghafla usiku wa manane, nani anapokea mzigo? Na ukizidi, unapelekwa wapi? Asiyeweza kujibu, mwambieni akajipange kwanza.

Mimi kwetu nilibandika karatasi juu ya swichi ya ile mashine: JENERETA IKIWAKA, ULIZA KWANZA WODI YA WATOTO. Bado ipo. Yule mtoto aliruhusiwa siku ya sita. Mama yake alipita kuniaga, na mimi nikamwomba radhi.

Sehemu ya 10 ni wiki ijayo. Usiku mwema.