Kichocheo au Mjumbe? Niliyofunzwa na Nyanya Yangu Msambweni

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Neno nalo ni mfano wa maji hayo: likishamtoka mtu, hana tena mamlaka juu ya maana litakayopewa na wasikiaji. Kauli hii nimeisikia tangu utotoni, na katika mitihani nimeitolea maelezo zaidi ya mara moja. Hata hivyo, sikuielewa barabara hadi mwezi Machi mwaka 2022, nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili, pale neno moja nililoliandika kwa mkono wangu lilipokaribia kumuua nyanya yangu. Naomba idhini yako, msomaji mpenzi, nikusimulie kisa hicho, maadamu kinatuhusu sote tunaojiita wanafunzi na walimu wa lugha hii.

Nyanya anaishi Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, ukishazipita Ukunda na Gazi katika barabara iendayo Lunga Lunga. Babu, Mola amrehemu, alikuwa mkata miwa wa kiwanda cha sukari cha Ramisi mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1988. Baada ya hapo alirudi baharini, akawa mvuvi hadi kufa kwake. Nyanya hupenda kusema kuwa sukari ilimlisha ujanani na sasa inamdai uzeeni. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa na ugonjwa wa kisukari, au kama wasemavyo wenyeji, "ana sukari". Vidonge viliposhindwa kuutuliza ugonjwa huo, daktari alimwanzishia sindano za insulini, asubuhi na jioni. Nyumbani hapana jokofu. Kichupa cha dawa huwekwa katika mtungi mdogo uliotiwa ndani ya mtungi mkubwa wenye mchanga uliolowa maji, pembeni mwa chumba penye kivuli.

Siku alipoanzishiwa sindano, mimi ndimi niliyemsindikiza. Tulipewa karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Nyanya haijui. Nilifurahi, kwani niliona kuwa wakati umewadia wa elimu yangu kuwafaa watu wangu. Usiku ule niliketi mbele ya taa, kamusi mbili mkononi, nikaanza kutafsiri. Nilipofika kwenye neno ambalo wengi huliita homoni, nikasita. Homoni niliiona kuwa ni ukopaji wa kivivu. Nikakumbuka kwamba wapo waandishi watumiao neno kichocheo, lenye mzizi wetu wenyewe na lenye kunyambulika vizuri: chochea, chochewa, uchochezi. Basi nikaandika kwa fahari: "Insulini ni kichocheo kitolewacho na tezi iitwayo kongosho. Mgonjwa hana budi kudungwa kichocheo hiki kila siku." Nikaikunja karatasi, nikamwachia Nyanya, nikarudi chuoni nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, alfajiri, shangazi aliponipigia simu. Nyanya alikuwa ameshikwa na kiu isiyokatika kwa siku kadhaa, akawa anakwenda chooni usiku kucha, kisha akaanza kulala mchana na kuwaita watu kwa majina ya marehemu. Walipomfikisha hospitalini kwa tuktuk ya jirani, sukari yake ilikuwa imepita kiwango cha mwisho cha mashine, hata isiweze kuonyesha tarakimu. Alitiwa maji mishipani na insulini kwa siku tatu. Nilipofika nilimkuta ameanza kutambua watu, midomo imempasuka kwa ukavu. Shangazi alinivuta kando akanionyesha kile kichupa alichokitoa mtungini. Kilikuwa kimejaa. Nyanya alikuwa ameacha sindano siku tisa, wala hakumwambia mtu.

Niliketi kando ya kitanda chake nikamuuliza kwa upole sababu ya kuiacha dawa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema:

"Mjukuu wangu, si wewe uliyeniandikia? Mtoto wa jirani alinisomea karatasi yako. Umeandika kuwa ile dawa ni kichocheo. Mimi moto wa kuni nimeuchochea miaka sitini, najua ukichochewa huwaka. Mtu akichochea maneno, watu hupigana. Sasa sukari yaniwaka mwilini, nami niichochee tena? Nikasema, mjukuu wangu amesoma, lakini hapa amekosea. Sikutaka kukuaibisha."

Sikuwa na la kumjibu. Nilitoka nje nikaketi chini ya mwarobaini hadi wakati wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Niliporudi chuoni nilianza kulichimbua neno hilo. Niligundua kuwa mwaka 1902, jijini London, wanasayansi wawili, William Bayliss na Ernest Starling, walifanya jaribio lililobadilisha elimu ya mwili. Ilikuwa ikidhaniwa kuwa viungo vya usagaji wa chakula huamrishwa na neva peke yake. Wao walizikata neva ziendazo kwenye sehemu ya utumbo mwembamba, wakatia asidi katika sehemu hiyo, na bado kongosho likatoa maji yake. Ilidhihirika kuwa kulikuwa na kitu kilichotoka kwenye ukuta wa utumbo, kikasafiri ndani ya damu na kulifikishia kongosho amri. Kitu hicho wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling alivipa vitu vya namna hii jina la jumla, akilichukua kutoka kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kuchochea.

Msomaji atatambua lililonishtua. Kumbe tafsiri yangu haikuwa na kosa la kikamusi! Kichocheo ni tafsiri aminifu ya Kigiriki cha Starling. Lakini katika mhadhara huohuo wa mwaka 1905, Starling aliviita vitu hivyo pia kwa jina jingine: wajumbe wa kikemia. Majina mawili yalikuwa yamewekwa mbele yangu. Mimi nikalichukua lile linaloeleza mzizi wa neno, nikaliacha lile linaloeleza kazi. Aidha, sayansi imekwisha kuonyesha kuwa si kila homoni huchochea. Somatostatini, kwa mfano, kazi yake kubwa ni kuzuia homoni nyingine zisitolewe. Insulini nayo ndiyo homoni kuu inayoshusha sukari ya damu. Kuiita kichocheo mbele ya mgonjwa anayehisi kuwa anaungua ni sawa na kumpa mtu maji ya kuzimia moto na kumwambia kuwa ni mafuta ya taa.

Mwezi wa Ramadhani nilirudi Msambweni. Daktari alikuwa amemkataza Nyanya kufunga, naye alikuwa akitoa fidia kwa kulisha maskini, huku moyo ukimuuma. Jioni moja, baada ya wengine kufuturu, tuliketi barazani nami nikaanza upya, safari hii bila karatasi.

Nilimwambia kuwa mwilini mna tezi. Akanikatiza palepale: "Nani ana tezi? Mimi sina tezi." Nikakumbuka kuwa katika mazungumzo ya kila siku, kusema fulani ana tezi ni kusema kuwa ameota uvimbe shingoni. Nikamweleza kuwa kila mwanadamu ana tezi, mzima na mgonjwa. Zipo zenye mirija, kama zile za mate na za jasho, ambazo humimina maji yake pale zilipo. Na zipo zisizokuwa na mirija, ambazo humimina kilicho chao ndani ya damu. Hizi ndizo ziitwazo tezi za endokrini. Moja iko chini ya ubongo, yaitwa pituitari, nayo haizidi sana punje ya mbaazi. Nyingine iko shingoni mbele ya koo, nyingine mbili zimekaa juu ya figo. Kongosho, lililo nyuma ya tumbo la chakula, lina kazi zote mbili, kwani hutoa maji ya kusaga chakula kwa mrija, na hutoa insulini ndani ya damu.

"Na ile insulini ikishaingia damuni yaenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia: "Nyanya, kukiwa na harusi, mjumbe hutumwa kualika. Hupita njia nzima, milango yote anaiona, lakini hubisha hodi kwa walioalikwa tu. Homoni nayo ni mjumbe. Damu humpitisha mwili mzima, ila humsikia tu yule mwenye kipokezi chake. Sukari uliyokula imo damuni, imesimama nje ya nyumba za misuli na za mafuta, haiwezi kuingia. Insulini hubisha hodi, mlango ukafunguliwa, sukari ikaingia ndani kutumika. Wewe nyumba zako zimekuwa nzito kusikia hodi, na wajumbe wako wamepungua. Sindano ni kuongeza wajumbe."

Nyanya alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo sukari si adui. Ni mgeni aliyekosa wa kumfungulia, akaganda mlangoni mpaka akaleta balaa."

Sijawahi kusoma katika kitabu chochote cha Kiswahili maelezo ya kisukari yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Nilimwongezea na habari ya jina. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, Paul Langerhans, aliona ndani ya kongosho vifungu vya seli vilivyotengana na nyingine kama visiwa. Jina insulini limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Dawa yenyewe ilipatikana Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, katika utafiti wa Frederick Banting na Charles Best, na mwezi Januari 1922 kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kisukari wa kwanza kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa wake hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Nyanya, ambaye mamake alitoka kisiwa cha Funzi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. "Basi ni mjumbe wa kisiwani," akasema. "Ni mtu wa kwetu."

Lililobaki lilikuwa kumweleza kwa nini asizidishe dawa wala asiipunguze kwa kukisia. Nilimwambia kuwa katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, sukari iliyomo kwa wakati mmoja ni takriban gramu 4, yaani kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho kidogo mwili hukilinda usiku na mchana. Mtu akila, sukari hupanda, na kongosho hutuma insulini. Sukari ikishuka, kongosho huipata habari hiyo na kupunguza wajumbe wake. Mtu akifunga, hutuma mjumbe mwingine, glukagoni, aendaye kwenye ini kuliambia lifungue ghala yake. Hali kadhalika, pituitari huituma tezi ya shingoni ifanye kazi, nazo homoni za tezi hiyo zikishatosha damuni, hurudi kuiambia pituitari kuwa imetosha. Kila aliyetuma hurudishiwa habari.

Nyanya, mjane wa mvuvi, alitikisa kichwa akasema: "Tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Methali hiyo nimeifahamu tangu shule ya msingi. Nilijua kuwa tezi ya methali ni upande wa nyuma wa chombo, unapokaa usukani, kwamba omo ni upande wa mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Nilifunzwa kuwa maana yake ni kwamba mtu hata azunguke vipi, atarudi pale pale. Sikuwahi kufikiri kuwa methali ya mabaharia ingeweza kueleza mrejesho wa homoni, wala kuwa tezi ya chombo na tezi ya mwili, maneno mawili yaliyofanana kwa sauti tu, yangekutana kinywani mwa mwanamke asiyejua kusoma.

Wasomi wenzangu, simwombi yeyote alitupe neno kichocheo, wala silipigii debe neno homoni. Yote mawili yana nafasi yake vitabuni na darasani. Ninachosema ni kuwa istilahi haikamiliki kwa kupatana na kamusi. Hukamilika inapomfikia yule iliyekusudiwa kumfaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na tangu mwaka 2021 UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Heshima hizo ni kubwa. Lakini Nyanya hakuhitaji siku ya kuadhimishwa. Alihitaji sentensi mbili ambazo zingemwambia ukweli kuhusu kichupa kilichomo mtungini mwake.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja dogo. Yeyote miongoni mwetu atakayetafsiri maelezo ya afya, ayasome kwanza mbele ya mzee asiyekwenda shule, kisha amwombe ayasimulie kwa maneno yake mwenyewe. Pale simulizi litakapopotoka, ndipo penye kosa letu. Kazi hiyo haihitaji fedha wala maabara. Inahitaji baraza, saa moja, na unyenyekevu, kitu ambacho mimi sikuwa nacho usiku ule nilipoketi na kamusi zangu mbili.

Nyanya angali hai, na kila jioni shangazi humkumbusha kwa kumuuliza kama mjumbe wa kisiwani amekwisha kufika. Ile karatasi ya kwanza ninayo bado. Huitoa na kuisoma kila ninapoanza kazi mpya ya tafsiri.