Ajira ya Kudumu kwa Mtoto wa Kalangalala

Kalangalala ya mjini Geita niliyokulia ilikuwa na aina mbili za wafanyakazi wa mgodi: wa mgodi wenyewe, na wa wakandarasi. Wote walivaa buti zilezile na vizibao vinavyong'aa, wote walipanda mabasi kungali giza, lakini dukani kwa mama yangu hawakuwa sawa. Wa mgodi alichukua mchele na mafuta ya mwezi mzima, jina likaingia daftarini, yakaisha. Wa mkandarasi aliulizwa kwanza: mkataba wako unaisha lini? Mama hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa ameshaona mikataba ikikatika ghafla na madeni yakabaki karatasini.

Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na mji ukapanuka haraka hadi Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Vijana walimiminika kutoka Sengerema, Chato, Kahama na Shinyanga. Kujiandaa kwa ajira siku hizo kila mtu alijua maana yake. Ulihitaji bahasha ya kaki, na ndani yake nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, picha za pasipoti, barua ya mtendaji wa kata, na wasifu uliochapwa steshenari kwa mtindo uleule wa watu wote: jina, dini, hali ya ndoa, mambo unayopenda, wadhamini watatu. Kisha ulihitaji mtu wa kuifikisha bahasha hiyo ndani ya geti. Kaka yangu alizunguka na yake mpaka ikachakaa. Alipopata kazi, ilikuwa ya mkandarasi.

Mimi niliondoka na imani hiyohiyo ya bahasha nikaenda kusoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma. Wakati huo nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimeshafika Dar es Salaam, Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa ulikuwa ukisogezwa mikoani. Kwa hiyo kizazi chetu kilianza kuziona nafasi za kazi za Berlin, Amsterdam na Toronto kwenye simu, usiku, kwa bando la usiku. Tulizitazama kwa macho ya Geita. Tuliamini nchi za nje zinataka vyeti vingi zaidi, basi tukajipanga kuviongeza: shahada ya pili, mtihani wa Kiingereza wa IELTS, kozi fupi za kulipia. Nina rafiki aliyekuwa na faili zima la vyeti vya kozi, na hakuwa ameandika programu hata moja inayotumiwa na mtu.

Habari iliyonigeuza mawazo ilitoka Nairobi. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014, ilifungua ofisi Nairobi mwaka uliofuata ikaanza kuwachukua vijana na kuwaunganisha na kampuni za Marekani. Wenzetu Wakenya walitusimulia mchujo ulivyokuwa. Uliwekwa mbele ya tatizo ukaambiwa ulitatue, na aliyesoma chuo kikubwa na aliyejifunzia nyumbani walikutana kwenye swali moja. Nikaelewa kwamba mlango huu hauna mtu wa kuniingizia bahasha. Nilihitaji kuweza kufanya kazi nikitazamwa.

Nilipomaliza chuo nilirudi Geita kwa muda, na hapo ndipo maandalizi yenyewe yalipoanza. Nilisoma masomo ya CS50 ya Harvard, yanayotolewa bure, nikayapakua vipande vipande. Kazi zangu nikawa naziweka GitHub ambako yeyote angeweza kuzisoma. Nikapata kitabu cha Gayle Laakmann McDowell cha maswali ya usaili, ambacho watu wa fani hii dunia nzima wamekikeshea. Mchana nilitengeneza kompyuta na printa za watu mjini, usiku nilikaa na algoriti.

Lakini algoriti hazikuwa sehemu ngumu. Usaili wa kampuni hizi za nje huwa hivi: mtu usiyemjua anakuona kwenye skrini, anakupa tatizo, na kwa dakika 45 hivi anataka asikie unavyofikiri. Anataka useme unachodhani, kwa nini unakiacha, unajaribu nini sasa, na njia hiyo itachukua muda gani data zikiwa nyingi. Ukinyamaza ukatoa jibu sahihi mwishoni, umemnyima kile alichokuja kukipima. Sisi tumelelewa kinyume chake. Darasani mwanafunzi hunyoosha mkono akiwa na jibu tayari. Mbele ya mkubwa huropoki wazo lisiloiva. Ni malezi mazuri na siyaonei haya, ila yalinifanya nikae kimya palepale nilipotakiwa kusema. Vijana wengi wa kwetu wenye akili kali huanguka hapo, na huondoka wakidhani hawajui hesabu.

Basi nikaanza kufikiri kwa sauti. Rafiki yangu mmoja alikuwa Mwanza; alinipigia simu jioni, akanisomea swali, nami nikalichambua kwa Kiingereza huku akinikatiza kwa maswali. Mama akasikia kupitia ukuta.

"Mwanangu, unagombana na nani?"

"Najifunza usaili, mayu. Wanataka niwaeleze ninavyofikiri."

"Basi nieleze mimi kwanza."

Nikamweleza kwa Kisukuma. Swali la siku hiyo lilihusu kutafuta kitu kimoja kati ya vitu maelfu bila kuvipitia vyote. Mama alichukua daftari lake la madeni akalifungua. Hakuwa akiandika wateja kwa mfuatano wa siku walizokuja. Kila mtaa ulikuwa na kurasa zake, na kila herufi ya kwanza ya jina ilikuwa na nafasi yake katika kurasa hizo. Ukimtajia mdaiwa yeyote, alifika kwenye deni lake kwa mpigo mmoja. Akaniuliza kama ndicho ninachokitafuta. Ndicho hasa. Niliwahi kuueleza muundo huo wa data kwa msaili wa Ulaya kwa kutumia daftari la mama, na hakunikatiza hata mara moja.

Kazi ya kwanza ya nje nikaipata nikiwa Tanzania, kwa njia ya mtandao, nikilipwa kwa dola. Nyumbani tulichinja mbuzi. Kwenye mkataba niliitwa mkandarasi huru: bila likizo ya malipo, bila bima, bila mchango wa pensheni, na notisi fupi. Ilipokuja siku ya kupunguza watu, ilikuja kwa barua pepe moja. Kabla ya hapo, Septemba 2019, Andela ilikuwa imewaachisha mamia ya watayarishaji programu wachanga wa Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kuwa soko linataka wenye uzoefu mkubwa zaidi. Niliisoma habari hiyo kama ya watu wengine. Ilipofika zamu yangu nikajua kwamba nimevuka bahari kwa mtandao na bado ni mfanyakazi wa mkandarasi. Swali la dukani lilikuwa langu sasa.

Tangu hapo nilitafuta kitu kimoja, ajira ya kudumu, na maandalizi yakabadilika tena. Nikaanza kusoma sheria kabla ya matangazo ya kazi. Marekani ndiko wengi wetu tunakoelekeza macho, lakini viza yao ya kazi ya H-1B ina nafasi 85,000 tu kwa mwaka na washindi hupatikana kwa bahati nasibu; Septemba 2025 serikali yao ikaongeza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Ujerumani mlango ni mwingine. Sheria yao ya uhamiaji wa wenye ujuzi ilianza Machi 2020 na kulegezwa Novemba 2023. Mwenye shahada inayotambuliwa na mkataba unaofikia kima fulani cha mshahara anapata kadi ya buluu ya Ulaya, kibali cha kuishi na kufanya kazi. Mwaka 2024 kima hicho kwa kada ya teknolojia kilikuwa euro 41,041.80 kwa mwaka. Na jambo linalowahusu sana vijana wa mitaani kwetu: mtaalamu wa teknolojia asiye na shahada anaweza kuipata kwa uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita. Ukishaingia, mkataba usio na kikomo huwa na kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, kisha kufukuzwa kwahitaji sababu inayosimama mbele ya sheria, isipokuwa katika kampuni ndogo sana. Ukaazi wa kudumu unaweza kuuomba baada ya miezi 27, au 21 ukijua Kijerumani cha daraja la B1. Kwa hiyo nikaanza Kijerumani nikiwa Kalangalala, kabla ya kampuni yoyote kuniita.

Wasifu niliuandika upya. Dini, ndoa, picha na wadhamini vikatoka. Badala ya kutaja nilipofanya kazi na cheo changu, nikaandika nilichojenga, kimetumiwa na nani, na kilibadilisha nini. Kilichonifungulia milango hakikuwa ile kazi ya dola. Kilikuwa programu niliyowatengenezea wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, hukuhuku Geita. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mzigo unagawanywa: kuna fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la waliolipia chakula na vifaa, la walioshuka chini. Mifuko huhesabiwa pale shimoni, mara nyingi pasipo mtandao, na ugomvi wa hesabu huko unaweza kumwaga damu. Programu yangu ilikubali watu wawili waandike hesabu kwenye simu mbili zisizo na mtandao, na simu zikipata mawimbi, rekodi zilinganishwe na kila tofauti ionyeshwe mbele ya wote. Wasaili waliniuliza habari hiyo kwa kirefu. Kusawazisha data za vifaa visivyo mtandaoni ni tatizo linalosumbua kampuni kubwa duniani, nami nilikuwa nimelikuta Nyarugusu, kwa watu wenye vumbi la karasha za kusaga mawe nyusoni.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya kwa siku kadhaa. Nilikuwa na usaili wa mwisho wa kampuni ya Ujerumani wiki hiyo. Niliwaandikia mapema, nikawaeleza kilichotokea na siku ninayodhani nitakuwa tayari, nikapendekeza simu ya kawaida kama mbadala. Baadaye meneja aliyeniajiri aliniambia kwamba barua ile fupi ilihesabiwa, kwa sababu huyo ndiye mtu wanayemtaka mfumo wao unapoanguka usiku. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wawe na laini za mitandao miwili, na wajue kuandika taarifa ya tatizo bila kulalamika. Haitoshi kila mara. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, na kwa siku kadhaa hakukuwa na laini ya pili ya kukimbilia. Kuna msichana wa Nyankumbu, mjini kwetu, ninayemfundisha ambaye wiki hiyo alipoteza usaili alioungoja tangu mwanzo wa mwaka. Kampuni ile haikumpa tarehe nyingine.

Mimi nilipoajiriwa, safari ya kwenda ubalozini ilikuwa ileile ya wazee wetu: basi hadi Busisi, kivuko hadi Kigongo, Mwanza, kisha Dar es Salaam na foleni ya Umoja House, ulipo ubalozi. Pasipoti ya kielektroniki shilingi 150,000. Bahasha ya kaki nilikuwa nayo pia, maana vyeti havikufa. Sasa vinakuja mwisho, kuthibitisha kazi ambayo tayari umeipata. Nilipokuja likizo sikupanda kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na tulivuka ziwa bila basi kusimama.

Vijana ninaowaandaa leo wanakuta mlango mwembamba kuliko wangu. Tangu programu za akili unde zienee baada ya mwaka 2022, kazi ndogondogo ambazo mgeni alizifanya ili ajifunze zinafanywa na mashine. Usaili nao umegeuka. Msichana wa Nyankumbu huwekewa msimbo ulioandikwa na mashine akaulizwa ni wapi utavunjika, na kwa nini. Kuweza kusema unachofikiri, kile nilichojifunza nyuma ya ukuta wa mama, kumekuwa na thamani zaidi. Ila haiwezekani kukifanyia mazoezi peke yako ndani, umeme ukiwa wa kubahatisha na bando likikatika katikati ya sentensi.

Nina ombi kwa halmashauri yetu. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mgodi unatakiwa kupanga pamoja na halmashauri fedha zake za wajibu kwa jamii, nasi tumeona madarasa na zahanati vikijengwa. Katika mpango ujao tengeni ukumbi mmoja Kalangalala: umeme wenye betri za akiba, intaneti ya kampuni mbili, vyumba vidogo vya kufungia mlango na kuzungumza, na uwe wazi hadi usiku wa manane, kwa kuwa usaili wa ng'ambo hauangalii saa zetu. Walimu wa kujitolea tupo, wa hapa na wa nje, nami nimeshajiandikisha wa kwanza.