Kivuli cha Mpini wa Jembe Uani Kwetu

Mwaka huu mimi na mke wangu tumeamua kumsomesha binti yetu wa miaka mitano nyumbani, kabla hajafikia umri wa darasa la kwanza. Mama yangu hakuridhika. Kwake yeye, mtoto asiye na sare wala begi ni mtoto anayepotezewa wakati, na kila Ijumaa hunikumbusha.

Sikubishana naye. Mwezi Juni tulisimika mpini wa jembe uani, wima, na mtoto akawa anaweka kokoto penye ncha ya kivuli. Kivuli kilifupika mpaka kikaelekea kusini barabara, kisha kikaanza kurefuka upande wa mashariki. Hapo jua limepinduka, na wakati wa Adhuhuri umeingia. Kwa Alasiri tulipima kwa kamba: urefu wa mpini, ukijumlishwa na kile kivuli cha mchana. Ratiba ya msikiti, ambayo kuibandika ni kazi yangu, haikupishana sana na kokoto zake.

Nikamsimulia habari za Ibn al-Shatir, mpima nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, aliyetengeneza saa kubwa ya jua ya marumaru mwaka 1371. Akauliza iwapo naye alianza na kokoto. Swali hilo sikuwahi kulisikia chuoni.

Mwezi Desemba jua litakuwa kusini mwa Dar es Salaam, na kivuli cha mchana kitageukia kaskazini. Sijamwambia. Bibi yake naye siku hizi huuliza kokoto zimefika wapi, ingawa suala la sare bado hajaliacha.