Usiku, Kutoka Malindi Hadi Mambrui

Baada ya tarawehe tulitoka Malindi kwa baiskeli, mimi na mwanangu, kurudi nyumbani Mambrui, ng'ambo ya Mto Sabaki. Mji ukiisha, na taa huisha. Mtu hubaki na nyota, upepo wa bahari na mwanga aliouchukua mwenyewe.

Mimi nilikuwa na dainamo, ambayo huwaka gurudumu lizungukapo. Mwanangu hakuwa na taa. Akiufuata mwanga wangu. Karibu na daraja nikasimama kumngoja. Gurudumu likatulia, taa ikazimika. Lori likatokea nyuma yake, likapiga honi, likampita kiasi cha dhiraa moja. Aliponifikia alinishika mkono, asiseme neno. Daraja tulilivuka kwa miguu, tukikokota baiskeli.

Ndipo nilipofahamu: taa ya mbele humwonyesha mpandaji njia, bali taa nyekundu ya nyuma huwaonyesha wengine kwamba yupo. Kulipokucha nilinunua taa za betri, ziwakazo hata baiskeli ikisimama. Ya kwanza niliifunga nyuma ya baiskeli yake.

Ndugu msomaji, tawakali haimwondolei mzazi wajibu wa kufunga taa.