Kompyuta ya kurekodi sauti ya babu

Orodha ya kwanza ilikuwa na kasha la kioo lenye taa za rangi. Kijana huyo wa Tabata, mwenye miaka 19, alitaka kurekodi nyimbo za kwaya chumbani kwake, na mama yake alishamwahidi shilingi milioni 1.5 za kikoba. Kadi ya grafiki peke yake ilikula karibu nusu ya hela hiyo.

Kisha daktari akamwambia babu yake kuwa saratani imefika mahali ambapo zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, lazima liondolewe lote. Baada ya upasuaji huo mgonjwa hupumulia tundu la shingoni. Wengi hujifunza kuongea tena kwa mazoezi au kwa kifaa, lakini sauti ya zamani hairudi. Zilibaki wiki tatu.

"Mwanangu, hiyo mashine itaanza na baba yangu," mama alisema. "Kwaya itasubiri."

Walishajaribu kwa simu. Sauti ya mzee ilikuwa imekwaruza na kushuka karibu na mnong'ono, na simu ikawa inameza mwisho wa kila sentensi.

Hapo orodha ikabadilika. Sauti ndogo inalazimu kupandisha maiki, na maiki ikipandishwa inanasa kila kitu, hata feni za kompyuta. Kadi ya grafiki ikafutwa kwanza, maana kazi yake ni michezo na video. Picha ya kwenye skrini inaweza kutoka kwenye prosesa, ilimradi iwe na uwezo huo, kwani si zote zinao. Muuzaji wa Kariakoo aling'ang'ania taa. Wauzaji wanapenda taa. Kijana akachukua prosesa ya kawaida isiyopata joto sana, feni kubwa ya milimita 120 inayozunguka taratibu, na RAM ya GB 16. Diski alichukua SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo haivumi. Ya GB 500 ilitosha kabisa: maiki moja kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde hula kama nusu GB kwa saa.

Hela iliyookolewa ilinunua kadi ya sauti ya nje yenye volti 48 za kuwasha maiki ya kondensa, pamoja na UPS. Umeme ukikatika katikati ya hadithi, nani atamwomba mgonjwa wa koo arudie?

Jioni ya kwanza, hedifoni zilijaa mvumo. Kijana akainama chini ya meza, akafungua kasha, akagusa kila waya. Mzee akamtazama, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye pangaboi.

"Zimeni hilo kwanza."

Wakazima na friji.

Aliongea jioni tatu, akipumzika kunywa maji. Alieleza miaka yake kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, alivyomposa bibi, na ndugu waliozikwa huko. Jioni ya mwisho aliita watoto na wajukuu mmoja mmoja kwa jina. Mama yao alikuwa jikoni. Hakuingia mpaka alipolisikia lake.

Kijana alinakili yote kwenye flashi mbili, moja ikapelekwa kwa shangazi. Kwaya ilianza kurekodi mwezi uliofuata, pangaboi likiwa limezimwa.