Mödlareuth: Kijiji Kilichokatazwa Salamu

Katika nchi ya Ujerumani, mahali yanapopakana majimbo ya Bavaria na Thuringia, kuna kijiji kiitwacho Mödlareuth chenye wakazi wapatao 50 tu. Katikati yake hupita kijito cha Tannbach, chembamba kiasi kwamba mtu mzima hukivuka kwa hatua moja. Hata hivyo, kwa karibu miaka 40 hatua hiyo iliweza kumgharimu mtu uhai wake.

Kijito hicho ni mpaka wa tangu zamani. Mwaka wa 1810 yalisimikwa mawe kandokando yake, upande mmoja ukiwa wa Ufalme wa Bavaria na wa pili wa watawala wa Reuss. Lakini mawe hayo hayakumzuia mtu. Watoto wa pande zote walisoma shule moja, upande wa Thuringia, na wazee wao wakienda kanisa moja katika kijiji jirani cha Töpen, upande wa Bavaria. Walioana na wakazikana.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, upande mmoja uliangukia mikononi mwa Wamarekani na wa pili mikononi mwa Wasovieti. Mwaka wa 1949 zikazaliwa dola mbili za Kijerumani. Mwaka wa 1952 dola ya Mashariki iliufunga mpaka, na baadhi ya watu wa mpakani wakahamishwa kwa nguvu. Kwanza uliwekwa ua wa mbao; kisha, mwaka wa 1966, ukajengwa ukuta wa zege wa mita 700, wenye kimo cha zaidi ya mita tatu. Wamarekani wakakiita kijiji hicho “Berlin Ndogo”.

Zito kuliko zege lilikuwa jambo jingine: wakazi wa Mashariki walikatazwa kuwasalimu wenzao wa ng’ambo, hata kwa kuwapungia mkono tu. Mtu alimwona jamaa yake waziwazi, naye akalazimika kugeuza uso.

Tarehe 9 Disemba 1989 kilifunguliwa kivuko cha waendao kwa miguu. Tarehe 17 Juni 1990 tingatinga likaubomoa ukuta. Sehemu yake iliachwa makusudi, na leo imo katika makumbusho ya kijiji, ili vizazi vijavyo vione.

Kijiji hicho kingali katika majimbo mawili. Upande wa Bavaria husalimiana “Grüß Gott”, salamu yenye kumtaja Mungu. Ng’ambo ya pili husema “Guten Tag”, yaani siku njema. Salamu ni mbili, lakini kila moja hupata mwitikiaji.

Nasi tujiulize, ndugu wasomaji. Wale walinyamazishwa kwa bunduki. Je, sisi tuliokatiana salamu na jamaa zetu kwa ajili ya urithi au neno la harusini, ni askari gani aliyetuzuia?